Tumbo la mtoto mwenye usonji: namna ya kulifuatilia, na namna ya kupima madai ya tiba

Mzazi wa mtoto mwenye usonji mara nyingi huwa amekwisha kuona kwamba tumbo la mwanawe halitulii: mtoto hufunga choo siku kadhaa mfululizo, hujaa gesi, au huharisha bila sababu inayoonekana. Akitafuta maelezo mtandaoni, hukutana na madai kwamba bakteria wa utumbo ndio chanzo cha usonji na kwamba wakibadilishwa usonji utaondoka. Dai hilo halijathibitishwa. Tumbo lenyewe, hata hivyo, linaweza kutibiwa, na ndilo linalostahili kushughulikiwa kwanza, kwa sababu linamuuma mtoto.

Anza na daftari. Kwa wiki mbili andika kila siku mtoto alikula nini, alikwenda choo saa ngapi, choo kilikuwa kigumu kama kokoto, laini au maji, alilala vipi, na ni wakati gani alikasirika au kujiumiza. Mtoto asiyezungumza hawezi kusema kwamba tumbo linamkata, kwa hiyo maumivu yake huonekana kwa njia nyingine: hulala kifudifudi na kukandamiza tumbo kwenye ukingo wa kiti au meza, hujipinda mgongo, hujiuma mkono, huamka usiku akilia, au hukataa ghafla chakula alichokipenda. Watu wengi, wakiwemo baadhi ya wahudumu wa afya, huyachukulia mambo hayo kuwa ni tabia ya usonji tu na kuishia hapo. Daftari linaloonyesha kwamba vurugu za jioni huja siku ya tatu bila choo ni hoja ambayo daktari hawezi kuipuuza kwa urahisi.

Ukifika kliniki, omba mtoto apimwe kama mtoto mwingine yeyote mwenye tumbo linalosumbua, ikiwa ni pamoja na minyoo na vimelea vingine. Mweleze daktari hata yale yanayoonekana kupingana, kwa maana mtoto aliyefunga choo kwa muda mrefu huweza kuchafua nguo kwa choo cha maji kinachopenya pembeni mwa kile kigumu kilichokwama. Mzazi asiyelijua hilo humpa dawa ya kuzuia kuharisha, na hali huwa mbaya zaidi. Damu kwenye choo, kupungua uzito, kutapika nyongo ya kijani, au tumbo lililovimba na kuwa gumu si mambo ya kusubiri wiki mbili: mpeleke mtoto hospitali siku hiyohiyo.

Upande wa chakula unahitaji subira kubwa. Watoto wengi wenye usonji huchagua sana vyakula, wengine wakikubali wali mweupe, mkate na chipsi peke yake. Utafiti wa Australia uliochapishwa mwaka 2021, ambao ulichunguza vinyesi vya watoto 247, ulionyesha kwamba ulaji huo finyu ndio unaoelekea kupunguza aina za bakteria tumboni, na wala si bakteria wanaoleta usonji. Kwa maneno mengine, mkokoteni ulikuwa umefungwa mbele ya punda. Ongeza basi nyuzinyuzi kidogo kidogo: kijiko kimoja cha maharage yaliyopondwa kando ya wali anaoukubali, kipande cha papai, uji wa ulezi ulio mzito au mwepesi kadiri unavyopenda ulimi wake. Huenda akakataa mara kumi kabla ya kuonja, na kumlazimisha hurudisha kazi yote nyuma. Usimwondolee ngano na maziwa kwa pamoja bila ushauri wa mtaalamu wa lishe, kwani ushahidi wa faida yake ni dhaifu, na mtoto anayekula vyakula vinne akinyang'anywa viwili atadhoofika.

Unaposoma habari ya tiba mpya, jiulize kama walijaribiwa watoto au panya, walikuwa wangapi, na kama kulikuwa na kundi jingine la kulinganisha. Jaribio linalotajwa mara nyingi, la Chuo Kikuu cha Arizona State nchini Marekani mwaka 2017, liliwapa watoto 18 bakteria waliotolewa kwenye vinyesi vya watu wenye afya. Matatizo ya tumbo yalipungua sana na dalili za usonji nazo zikapungua kiasi, lakini hapakuwa na kundi la kulinganisha lililopewa kitu kinachofanana na dawa lakini kisicho na dawa ndani, na wazazi walijua watoto wao wanapewa nini. Ni mwanzo wa kuvutia, si tiba ya kununua.

Usijaribu jambo hilo nyumbani. Mwaka 2019 Mamlaka ya Chakula na Dawa ya Marekani iliripoti kifo cha mgonjwa mmoja aliyepewa kinyesi chenye bakteria sugu kwa dawa, tena chini ya uangalizi wa watafiti. Usimnunulie antibayotiki dukani kwa lengo la "kusafisha" utumbo. Usimpe kamwe kile kiitwacho MMS, ambacho ni kemikali ya kupaushia nguo na karatasi inayouzwa kwa jina la dawa.

Ukitaka kujaribu bakteria kwa njia ya chakula, mtindi hauna ubaya kwa mtoto anayestahimili maziwa. Mpe kiasi kidogo kila siku kwa wiki nne, usibadilishe kitu kingine chochote katika muda huo, na uendelee kuandika kwenye daftari lilelile.