White Mountains baada ya msongamano: safari ya vuli na watoto na shosho

Kwetu ukitaja vuli, mtu anatazama mawingu. Huku New England, kaskazini-mashariki mwa Marekani, vuli ni majani, na kila Oktoba jamaa zetu wa Lowell, Massachusetts, na miji ya jirani hujazana garini kwenda White Mountains, New Hampshire, wikendi ileile inayokwenda kila mtu: ile yenye sikukuu ya Jumatatu ya pili ya mwezi. Mnafika mji mdogo wa Lincoln, milimani, mkute foleni, vyumba vimepanda bei, maegesho yamejaa, na mwisho picha inapigwa kupitia dirishani.

Iacheni wikendi hiyo ipite. Nendeni wiki ya mwisho ya Oktoba, au ya kwanza ya Novemba kama hamna budi. Yale majani mekundu yanayopigwa picha yatakuwa yamekwisha milimani, sitawadanganya. Lakini mialoni ya mabondeni bado ina rangi ya shaba, na kuna msonobari mmoja wa ajabu, tamarack, ambao sindano zake hugeuka dhahabu tupu kabla ya kupukutika. Na miti ikishavua majani, milima iliyofichwa tangu Mei inaonekana yote, mwamba kwa mwamba. Mama yangu, shosho wa watoto wetu, amezaliwa Nyeri, ameamka maisha yake yote akiutazama Mlima Kenya, na hatishwi na vilima. Tulipofika kilele cha Kancamagus, barabara inayokatiza milima hiyo, alishuka garini, akajifunga leso juu ya koti, akasimama pale muda mrefu bila neno. Kisha akauliza, "Na hii miti yote imekufa?" Wajukuu walifurahi sana kumweleza kwamba imelala tu.

Safari ya msimu huu ipangeni kwa jua, msiipange kwa maili. Sisi tuliokulia karibu na ikweta tuna jua la saa kumi na mbili kichwani, na ni vigumu kulitoa. Mwisho wa Oktoba, Lincoln, jua linachomoza saa moja na robo asubuhi na kuzama saa kumi na mbili kasorobo jioni. Jumapili ya kwanza ya Novemba saa zinarudishwa nyuma, na ghafla jua linazama saa kumi na nusu. Hapo ni kwenye kalenda. Ndani ya bonde, mlima unalimeza mapema zaidi, na joto linaondoka nalo papo hapo. Kwa hiyo hesabuni kinyumenyume: gari liwe limeegeshwa mahali pa kulala kabla ya giza, kisha ndipo mpange mtasimama wapi na wapi.

Sababu kubwa ya kuliogopa giza ni moose. Ni mnyama wa jamii ya kulungu, mrefu kuliko farasi, dume lake hupita kilo 400, na vuli ndio msimu wake wa kutafuta majike, kwa hiyo anatembea ovyo jioni na alfajiri. Rangi yake ni ya usiku wenyewe, na macho yake yamo juu kuliko mwanga wa taa za gari, hivyo hayang'ai kama ya kulungu wa kawaida. Ukimgonga, gari linamkata miguu na mwili wake mzima unaangukia kioo cha mbele. Vibao vya kuwaonya madereva kuhusu moose si mapambo. Punguzeni mwendo.

Kutoka Lowell hadi Lincoln kwa I-93 ni kama saa mbili. Hapa naomba nisikilizwe na wenzangu wanaofanya kazi hospitalini na kwenye nyumba za wazee: usitoke zamu ya usiku ukashika usukani. Najua siku za mapumziko ni chache na unataka kuokoa ile asubuhi. Lala kwanza, hata kama mtaondoka saa sita mchana.

Jazeni tangi Lincoln. Barabara ya Kancamagus, namba 112, ni kilomita 55 hivi hadi Conway bila kituo hata kimoja cha mafuta, na sehemu kubwa haina mtandao wa simu. Ramani zipakueni nyumbani. Mkiondoka Lincoln baada ya saa sita, jua linakuwa ubavuni na nyuma yenu, likimulika milima iliyo mbele. Kuna kona kali kabla ya kufika kilele cha barabara, kama mita 870 juu ya bahari. Mkianza kuteremka tumieni gia ndogo, msikalie breki. Asubuhi mapema, madaraja ndiyo hutangulia kuganda hata pale lami nyingine ni kavu.

Mahali pa kusimama na watoto: maporomoko ya Sabbaday Falls, yenye njia rahisi isiyofika kilomita moja, ambayo shosho aliimudu na fimbo yake; korongo la Rocky Gorge; na daraja la mbao lenye paa la Albany, la mwaka 1858, juu ya Mto Swift. Waonyesheni pia vibao vya namba za barabara za jimbo. Vina uso wa mzee kwa ubavu. Huo ulikuwa mwamba halisi wa bonde la Franconia Notch. Uliporomoka tarehe 3 Mei 2003, lakini vibao havikubadilishwa.

Msimu ukiisha, milango nayo hufungwa. Korongo la Flume Gorge hufungwa mwishoni mwa Oktoba, kambi nyingi za mahema mapema zaidi, na barabara ya gari ya Mount Washington hutegemea hali ya hewa. Mlima huo una mita 1,917 tu, haufiki hata nusu ya Mlima Kenya, lakini Aprili 1934 upepo wa kileleni ulipimwa maili 231 kwa saa. Msiudharau kwa udogo wake. Angalieni tarehe za kufunga kabla ya kuwaahidi watoto chochote. Vyoo vya kando ya njia pia vingine hufungwa, na hilo tulilijua mwaka wa kwanza tukiwa na mtoto wa miaka minne. Siku hizi tunabeba poti ndogo, maji na tishu za kutosha.

Mwaka huohuo nyumba tuliyokodi mtandaoni ilikuwa na mabomba makavu. Mwenyewe alikuwa ameyafunga yasipasuke kwa barafu, akasahau kutuambia. Tulilala na jerikeni mbili za maji ya dukani. Tangu siku hiyo nauliza kwa maandishi, kabla ya kulipa: maji yanatoka? Hita inafanya kazi, na inawashwaje? Kuni zipo? Na bei mnayoiona, ongezeni kodi ya jimbo ya asilimia 8.5 kwa vyumba na vyakula vya hotelini. Bidhaa za madukani hazina kodi ya mauzo, jambo ambalo shosho alilishughulikia ipasavyo North Conway, kwa ajili ya zawadi za kupeleka nyumbani.

Jambo la karatasi lisifanyiwe mzaha. Milima hii iko ndani ya maili 100 kutoka mpaka wa Canada, na mwaka 2017 na 2018 doria ya mpakani iliweka vizuizi I-93 karibu na Woodstock, upande wa kurudi kusini. Sheria inamtaka asiye raia mwenye miaka 18 au zaidi abebe hati yake. Green card iwe mfukoni, na mgeni wa matembezi awe na pasipoti na I-94, yaani rekodi ya kuingia nchini, iliyochapishwa. Mwenye kesi ya uhamiaji ambayo haijaamuliwa aongee na wakili wake kabla ya safari, si baada.

Nguo ni tabaka juu ya tabaka, na kofia na glavu za akiba kwa sababu watoto hulowesha za kwanza. Mkiingia msituni vaeni kitu cha rangi ya machungwa inayong'aa, hata mtoto. Novemba wawindaji wa kulungu wako kazini. Chapati zifungwe kwenye foili zikiwa moto, kisha taulo, kisha hotpoti: saa tano baadaye bado zinakunjika. Chai ya maziwa na tangawizi tunaigawa kwenye thamosi mbili, moja ya njiani na moja isiyofunguliwa mpaka tumefika maporomokoni. Mabaki ya chakula yasilale garini, dubu bado hawajaenda kulala.

Siku ya kurudi, ondokeni Conway saa nane mchana bila kujadiliana. Shosho atataka duka moja zaidi. Mpelekeni asubuhi.