Kukisoma The Kite Runner na vijana wa mtaani

Jamani mkikisoma barazani hapa Ng'ambo hichi kitabu cha Khaled Hosseini cha 2003 msianze na vita, anzeni na wale watoto wawili wa Kabul, mji mkuu wa Afghanistan, Amir Mpashtuni (kabila lenye nguvu kule) mtoto wa tajiri na Hassan Mhazara (kabila linalodharauliwa) ambae babake mtumishi wa nyumba ile ile. Waulizeni vijana nani anamsomea mwenzake hadithi, nani hajui kusoma, nani anakimbilia kishada kwa ajili ya nani. Pale Hassan anapodhalilishwa na Amir kajificha anaangalia tu pazito mno, watoto wadogo msiwasomee. Na waelezeni mapema kuwa Wahazara walipigwa vibaya na Abdur Rahman Khan, mtawala wa Afghanistan, miaka ya 1890, bila hilo watamuona Amir muoga tu basi.