Mambo ya kuangalia kabla ya kuweka tovuti kwenye seva ya nyumbani Lubumbashi

Kabla ya kununua kompyuta ya kuwa seva (itakayohifadhi na kutoa tovuti), betri au domeni (jina la tovuti), fungua ukurasa wa modemu yako (mara nyingi ni 192.168.1.1), tafuta sehemu ya WAN (upande wa nje, wa intaneti), usome anwani ya IP (namba ya laini yako mtandaoni) iliyoandikwa pale. Halafu, kwa laini hiyohiyo, ingia kwenye tovuti inayokuonyesha anwani yako inavyoonekana nje. Namba zikilingana, anwani ni ya umma, yaani mtu wa nje anaweza kukufikia kwayo. Zisipolingana, na ile ya modemu ikaanza na 10 au ikawa kati ya 100.64 na 100.127, basi wewe na wateja wengine mnatumia anwani moja ya nje. Hapo hata ukifungua poti (milango ya mawasiliano) zote za modemu, mgeni hafiki kwako. Wengi humaliza siku nzima wakitengeneza seva ambayo haina kosa lolote.

Mwenye anwani ya umma kazi yake ni fupi: ipe seva anwani isiyobadilika ndani ya nyumba, elekeza kwake poti 80 na 443, zinazotumiwa na tovuti, basi. Poti 22 (ya kuendeshea seva kwa mbali) na ukurasa wa modemu visionekane nje kamwe. Kama anwani hubadilika modemu ikizimwa, weka programu ya kusasisha DNS (orodha inayounganisha jina la tovuti na anwani), TTL (muda wa kukumbuka jibu lake) iwe sekunde 300. Jaribu kwa simu iliyozimwa Wi-Fi; modemu nyingi hazimrudishi ndani mtu anayepitia anwani ya nje akiwa nyumbani, na utadhani tovuti haifanyi kazi.

Asiye na anwani ya umma akodi kwenye intaneti seva ndogo yenye anwani hiyo, aiunganishe na ya nyumbani kwa WireGuard (programu ya kutengeneza njia ya siri kati ya kompyuta mbili). Nyumbani ndiko kunakoanza kupiga hodi, kwa hiyo hakuna poti ya kufungua kwenye modemu. Kwenye mipangilio ya WireGuard ya nyumbani andika PersistentKeepalive = 25 (itume ishara kila sekunde 25), la sivyo njia itajifunga kukiwa kimya. Ukichagua mji wa kukodi seva, kwenye ramani Johannesburg iko karibu kuliko Paris, lakini nyaya hazifuati ramani: pima kwa ping (amri inayoonyesha muda wa kwenda na kurudi) kabla ya kulipa.

Sasa delestaji, yaani umeme kukatwa kwa zamu. Raspberry Pi 4 (kompyuta ndogo inayofaa kuwa seva) na modemu hula pamoja wati 15 hivi. Betri ya risasi ya volti 12 na Ah (ampea-saa) 20 ina wati-saa 240. Usitumie zaidi ya nusu, ukitoa na zinazopotea njiani unabaki na saa 6 au 7. Modemu nayo iwe kwenye betri, maana seva inayowaka bila modemu haimsaidii mtu. Pi ipewe volti 5.1 na ampea 3. Chaja dhaifu ya simu hushusha volti, na Pi ikizimika katikati ya kuandika, kadi ya SD inaweza kuharibika. Data ikae kwenye diski ya SSD.

Jambo linalosahaulika ni saa. Pi 4 haina betri ya saa, hivyo ikizimika huamka na wakati wa nyuma, na WireGuard hukataa salamu yenye wakati uliopita. Umeme umerudi, modemu inawaka, tovuti haionekani. Funga moduli ya DS3231 (saa yenye betri yake), au hakikisha NTP (huduma ya kusahihisha saa kupitia intaneti) inapita nje ya WireGuard.

Pima pia kasi ya kupakia, si ya kupakua tu: kwa megabiti 2 kwa sekunde, ukurasa wa megabaiti 2.5 huchukua sekunde 10, kwa hiyo punguza picha mapema.

Na kama intaneti yako hutoka kwenye antena ya paa, weka kinga ya radi iliyounganishwa na ardhi kwenye waya wake kabla mvua za Novemba hazijaanza. Radi hupitia waya huo, ikaunguza modemu na poti ya mtandao ya seva kwa pamoja.