Klachi na flaiwili kwa Starlet iliyoongezwa turbo

Ukishapandisha presha ya turbo kwenye Starlet GT Turbo ya miaka ya 1990, kinachoshindwa mwanzo mara nyingi ni klachi. Injini yake ya 4E-FTE, cc 1331, ilitoka kiwandani na torki ya Nm 157, na klachi yake ikapimwa kwa nguvu hiyo na akiba kidogo. Ijaribu klachi kwenye barabara ya Fumba, hapa Unguja, pakiwa peupe: tia gia ya nne, mzunguko 2500, kanyaga mafuta mpaka chini. Mshale wa mzunguko ukiruka na mwendo ukabaki nyuma, pleti (sahani ya msuguano iliyomo ndani ya klachi) inateleza.

Hatua ya 1: Kuchagua

Hapa ndipo pesa zinapopotea. Vijana wengi wanaagiza pleti ya vidonge vya shaba kwa kuwa inang'ata sana. Inang'ata kweli, lakini haijui kushika taratibu, na kwenye foleni ya Mwanakwerekwe gari litaruka kila ukiachia pedali. Kwa gari la kutembelea, chukua presha pleti (kifuniko chenye springi kinachoibana pleti) ngumu kuliko ya kiwandani, na pleti ya lainingi ya kawaida, yaani ngozi ya msuguano, yenye springi katikati. Usizidishe ugumu. Kila unapokanyaga klachi unaisukuma krenki, yaani shafti kuu ya injini, pembeni, na bushi zake za pembeni ndizo zinazolika.

Flaiwili ni gurudumu zito la nyuma ya krenki ambalo klachi hufungwa juu yake. Iliyo nyepesi inaipandisha injini mzunguko upesi, ila kuondoka kunataka mguu wenye adabu. Nunua iliyotengenezwa kwa feleji tangu mwanzo. Ile ya kiwandani ni chuma cha kumimina. Ikikerezwa sana ili ipungue uzito, inaweza kupasuka kwenye mzunguko mkubwa, na vipande vikatoboa mpaka pale ilipo miguu yako. Fundi akikwambia ataipunguza kwa bei nafuu, mkatalie.

Hatua ya 2: Kushusha gia boksi

Chomoa waya wa hasi wa betri, mwaga oili ya gia, toa shafti za magurudumu, zuia injini kwa jeki na kipande cha mbao, kisha shusha gia boksi. Gari likae juu ya stendi, usilale chini ya jeki peke yake. Bolti zetu zimekula chumvi ya bahari, kwa hiyo zipulizie dawa ya kutu usiku wa kuamkia kazi.

Hatua ya 3: Flaiwili

Ikishatoka flaiwili ya zamani, tazama sili ya nyuma ya krenki. Ikiwa na unyevu wowote, badilisha, maana tone la oili linaharibu lainingi mpya. Flaiwili mpya huja na mafuta ya kuzuia kutu. Yaoshe kwa dawa ya kusafishia breki na usiguse uso wake tena kwa vidole. Tumia bolti mpya, kaza kwa kukingama, kidogo kidogo, mpaka kipimo cha kitabu cha gari. Kisha weka geji ya saa (kipimo chenye mshale) kwenye uso wa flaiwili na uizungushe flaiwili: ikiyumba zaidi ya milimita 0.1, fungua usafishe inapokalia.

Hatua ya 4: Klachi

Upande wa springi uliotokeza uelekee gia boksi. Ilenge pleti katikati kwa kijiti chake, la sivyo gia boksi haitaingia, na ukiilazimisha utapinda pleti. Bolti za presha pleti kwa Toyota nyingi ni Nm 19, nazo pia kwa kukingama. Bearing ya klachi iwe mpya. Grisi kwenye meno ya shafti ya gia boksi iwe nyembamba mno.

Hatua ya 5: Kuizoesha

Rudisha kila kitu, toa hewa au rekebisha waya wa klachi, acha nafasi ndogo juu ya pedali. Kilomita 500 hadi 800 za mwanzo usiite turbo. Kwenda Nungwi na kurudi kwa gia ya tano hakusaidii kitu, kwa kuwa lainingi inakaa kwa kushika na kuachia: zungukia Darajani, Michenzani, Amani. Harufu ya kuungua ikitokea, simama ipoe. Ukimaliza, chungulia chini ya bakuli la gia boksi kama pana oili kabla ya kurudisha presha.