Mickey Mantle wa Topps 1952: anza na rula

Kabla hujatoa hela kununua kadi namba 311 ya Topps 1952, yaani kadi ya besiboli ya kampuni ya Topps yenye picha ya mchezaji Mickey Mantle, ipime. Ya asili ina upana wa milimita 67 hivi na urefu wa 95. Ukikuta 64 kwa 89, hiyo ni nakala: Topps wenyewe waliichapa upya seti hii mwaka 1983 kwa saizi ndogo ya siku hizi. Ikipungua milimita moja tu, shuku wembe. Wajanja hukata kingo zilizochakaa ili pembe zionekane kali, na ukingo uliokatwa huwa mweupe na laini kuliko wa kadi ya bei rahisi ya seti hiyohiyo, kwa hiyo ziweke ubavu kwa ubavu.

Halafu chukua lenzi ya kukuza mara 10, uitazame saini iliyochapwa usoni. Wino mweusi uwe umejaa. Ukiona vitonevitone ndani ya mistari, kadi ilipigwa picha ndipo ikachapwa.

Muuzaji akikuambia ni kadi ya kwanza ya Mantle, mkatalie. Mantle alianza kuchezea timu ya Yankees 1951, na kadi ya mwaka huo ni namba 253 ya kampuni ya Bowman. Hii ya Topps wala si adimu kama bei inavyodai. Bei inabebwa na jina, maana jamaa alicheza misimu 18 na kupiga homurani 536 (mipigo inayopeleka mpira nje ya uwanja).

Ihifadhi kwenye mfuko wa polipropilini. Plastiki ya PVC hunata kwenye wino.