Jinsi ya Kusoma Kazi ya Mhusika katika Riwaya za Enzi ya Malkia Victoria

Ukimuuliza mwanafunzi wa fasihi kuhusu mhusika, atakutajia sifa: mkarimu, mvumilivu, ana kiburi. Kwa riwaya za Uingereza za 1837 hadi 1901, mimi hufundisha kuanzia kwingine: huyu mtu anaishi kwa kazi gani, na analipwa nini?

Hatua ya 1: Tafuta ujira

Riwaya hizi zinapatikana bure kwenye tovuti ya Project Gutenberg. Fungua kitabu, kisha tafuta maneno ya Kiingereza ya pauni, shilingi na mshahara. Katika A Christmas Carol (1843), karani Bob Cratchit anapata shilingi 15 kwa wiki. Katika Jane Eyre (1847), Jane anamfundisha mtoto huko Thornfield kwa pauni 30 kwa mwaka, mara mbili ya alizopata akiwa mwalimu shuleni Lowood.

Hatua ya 2: Linganisha kwa kipimo kimoja

Pauni moja ilikuwa shilingi 20, na shilingi moja peni 12. Zidisha 15 kwa wiki 52: Cratchit anapata shilingi 780, yaani pauni 39 kwa mwaka. Anaonekana kumzidi Jane. Sasa uliza chakula na malazi vinatoka kwa nani. Jane anakula na kulala kwa mwajiri wake, tena hana mtoto wa kulisha. Cratchit ana mke, watoto sita na nyumba Camden Town. Ndiyo maana binti yake Martha ni mwanagenzi kwa mshona kofia, na kazi ya shilingi 5 na peni 6 kwa wiki anayotafutiwa mwanawe Peter ni habari kubwa mezani.

Hatua ya 3: Angalia nani ameshika fedha

Hapa usiwe na haraka. Jane anaomba ruhusa kwenda kumwona mke wa mjomba wake, aliye mgonjwa. Mfukoni ana shilingi 5 tu, kwa sababu Rochester, mwajiri wake na mwenye Thornfield, hajamlipa hata senti tangu aajiriwe. Anamdai pauni 15. Rochester anatoa noti ya 50. Jane anakataa kupokea zaidi ya haki yake. Basi Rochester anageuka, anampa 10, akihofia kwamba akiwa na 50 atakaa huko miezi mitatu. Wasomaji wengi huupita ukurasa huu wakiuona ni utani wa watu wanaopendana. Utani upo, lakini pia yupo mwajiri anayezuia mshahara ili mfanyakazi arudi. Msome Rochester upya kuanzia hapo.

Scrooge, mwajiri wa Cratchit, naye ameshika makaa: ndoo iko chumbani mwake, karani hathubutu kwenda kujiongezea.

Hatua ya 4: Fuata mwili

Katika Tess of the d'Urbervilles (1891), shambani Flintcomb-Ash, Tess anafungua miganda ya ngano juu ya mashine ya kupura inayoendeshwa kwa mvuke. Mashine haichoki, kwa hiyo naye hapati nafasi ya kupumzika. Andika kila mahali mwandishi anapotaja mikono, mgongo, baridi au usingizi.

Hatua ya 5: Andika siku moja

Jaza ukurasa mmoja, tangu mhusika anapoamka hadi anapolala, kwa ushahidi wa kitabuni pekee. Kitabu kikinyamaza, acha nafasi wazi.