Kukejeli Hadithi ya Mashabiki Ambayo Wahusika Wake Si Wao: Hatua kwa Hatua

Hadithi ya mashabiki ni ile anayoitunga shabiki kwa wahusika wa kazi anayoipenda, yaani asili. Hapa tunakejeli ile ambayo wahusika hao hawafanani tena na wa asili. Mifano yote humu inatoka kwenye hekaya ya Fumo Liyongo, shujaa na mshairi wa Waswahili, maana huku pwani wengi wameisikia tangu utotoni na kosa linaonekana upesi. Ukiwa unakejeli hadithi ya shabiki wa tamthilia ya Kituruki, njia ni hiihii.

1. Isome asili upya. Yote. Usitegemee unachokumbuka.

2. Itoe hadithi kwenye karatasi. Nenda saiba ukachapishe, upande mmoja tu wa karatasi. Sipendekezi kabisa kufanya kazi hii kwenye simu: kidole kinakimbia kuliko jicho. Chukua kalamu mbili. Nyekundu upigie mstari kila alichotenda mhusika, buluu kila alichotamka. Sifa anazopewa na mwandishi (“alikuwa jasiri, mwenye huruma”) ziache bila rangi. Ukurasa ukibaki mweupe, umeshapata kosa la kwanza: mhusika anasifiwa tu, hatendi.

3. Tafuta bawaba iliyong'oka. Hapa ndipo saa zinapopotea. Mtu anasoma, anaona “huyu siye Liyongo ninayemjua”, anaanza kuandika papo hapo. Kinachotoka ni matusi, kwa sababu hajajua ni mstari upi ambapo mhusika aliacha kuwa yeye.

Gawa ukurasa wa daftari safu tatu: hali iliyomkuta, alivyofanya kwenye asili, alivyofanya humu. Jaza mistari mitano au sita. Mmoja utakuwa hivi. Hali: amefungwa Pate na Sultani anayetaka kumuua. Asili: hamlilii mtu, anaimba fumbo, kijakazi Saada analifikisha kwa mama yake Liyongo, unaokwa mkate wa wishwa wenye tupa ndani. Walinzi, waliozoea kumlia chakula chake kizuri, wanaudharau mkate wa wishwa na kuupitisha. Humu: anamshika mlinzi miguu na kumsimulia utoto wake. Sasa una kitu cha kushika. Liyongo wa asili anaficha nia ndani ya wimbo. Huyu anaimwaga kwa mtu wa kwanza anayempitia.

Lakini angalia sana kabla hujaiita hiyo bawaba. Badiliko peke yake si kosa. Liyongo ana haki ya kulia, mradi kuna tukio lililomfikisha hapo. Rudi nyuma kwenye karatasi zako, utafute sababu. Ukiikuta, hata kama ni ya aya moja, mstari huo ufute daftarini. Mazingira mapya nayo si kosa. Mwandishi akimfanya Liyongo dereva wa matatu Likoni, hilo ni lake na wala usilicheke. Wewe uliza kama dereva huyo akisimamishwa na askari bado anazungumza kwa mafumbo na utingo akaelewa. Akifanya hivyo, ni Liyongo halisi kuliko wengi waliovishwa kanzu na kushikishwa upinde.

Ukipata bawaba tatu, chukua moja tu, ile inayobeba mwisho wa hadithi. Ukizicheka zote tatu, msomaji hajui acheke wapi. Tahajia na sarufi usiziguse. Wengi wanaoandika hadithi hizi wangali shuleni, na kosa la herufi halihusiani na usawiri, yaani jinsi mhusika anavyochorwa.

4. Mapenzi yapime peke yake. Maswali ni matatu: wamekutana mara ngapi, kila mmoja amepoteza nini kwa ajili ya mwenzake, na je, kila mmoja angeweza kukataa? Liyongo na Saada wanapita la kwanza, kwa kuwa Saada ndiye anayemletea chakula gerezani. La tatu ndilo linalowaangusha waandishi. Saada ni kijakazi. Hadithi inayompeleka mikononi mwa bwana wake bila kumwachia nafasi ya kusema hapana haijaandika mapenzi, hata iwe na mbalamwezi ngapi. Liyongo na Sultani wa Pate, wakiandikwa kama wapenzi, wanaanguka kwenye swali la pili: mmoja anataka roho ya mwenzake, na suluhu inakuja kwa kutazamana macho. Kama huwapendi tu wakiwa pamoja ila maswali matatu yamejibiwa, acha. Huna kejeli hapo.

5. Andika. Maneno 300 hadi 400. Siri ni kuikubali mantiki ya mwandishi kikamilifu, kisha kuisogeza hatua moja mbele. Tuseme aliandika: “Liyongo alimtazama Sultani. Chuki yote ikayeyuka.” Wewe endelea kwa sauti yake ileile, usiweke mabano wala “ha ha”:

“Chuki yote ikayeyuka. Sultani akamkabidhi sindano ya shaba. Liyongo akaigeuzageuza, akauliza kwa upole kama uzi wake umebaki nyumbani.”

Sindano ya shaba, tena ya kitovuni, ndiyo iliyomuua Liyongo. Ndiyo maana mstari unachoma bila wewe kueleza lolote. Chukua kila mara kitu kizito cha asili, ukikabidhi kwa mhusika aliyesahau uzito wake.

Paula Smith alifanya vivyo hivyo mwaka 1973 alipowakejeli waandishi wa hadithi za mashabiki wa Star Trek, tamthilia ya Marekani ya safari za angani. Luteni wake Mary Sue ana miaka 15 na nusu, anaweza kila kitu na anapendwa na wote, na kisa chenyewe ni kifupi mno. Jina hilo likabaki kuwa jina la mhusika yeyote wa aina hiyo. Hata huku kwetu, kwenye majibizano ya washairi, anayejibu hushika bahari (aina ya shairi) na vina vya aliyeanza. Kejeli nayo ishike sentensi za yule inayemjibu.

6. Isome kwa sauti barazani mbele ya watu wawili, mmoja anayeijua asili na mmoja asiyeijua. Akicheka wa pili peke yake, umechekesha tu, hukukejeli usawiri: rudi hatua ya 3. Wakinyamaza wote, kata aya ya mwanzo. Mara nyingi ni wewe unayejieleza. Jina la mwandishi litoe kabla ya kuituma popote, na kama mnafahamiana, mpelekee yeye kwanza pamoja na ule ukurasa wa safu tatu.